Kwa mnaoanza kuhudumia waraibu wa kokeini na meth: zawadi itoke palepale

Nyie mnaotoka upande wa heroini mmezoea dawa za methadoni na buprenofini zinazotuliza hamu ya heroini, huku hamna hiyo, kwa kokeini na methamfetamini mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu uraibu wenyewe. Kilichofanya vizuri kuliko vyote ni kitu ambacho wengi wakikisikia wanasema hongo: mteja akipima mkojo ukatoka safi anapewa vocha au zawadi. Sio mpya, Stephen Higgins na wenzake Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, waliitumia kwa watu wa kokeini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakianza na vocha ya dola 2.50 halafu inapanda kila kipimo safi kinachofuata.

Shika hili, zawadi itoke palepale. Kokeini inamlipa mtu ndani ya dakika, sasa wewe ukimwambia subiri mwisho wa mwezi tutajumlisha, umeshindwa hapohapo. Ndo maana tunapima mara mbili au tatu kwa wiki, maana dalili za kokeini hukaa kwenye mkojo kama siku 2 hadi 4 tu, ukipima mara moja kwa wiki mtu anatumia katikati na anakuja safi.

Kwenye kusoma kipimo tulieni kabisa. Mstari ukionekana kwenye T (sehemu ya majibu), hata uwe umefifia vipi, mkojo ni safi, usipoonekana ndo kuna dawa ya kulevya, na wa C (unaoonyesha kipimo chenyewe kinafanya kazi) usipotokea kipimo kimeharibika, rudia. Ukizoea vipimo vya malaria au mimba utasoma kinyume na utamnyima mtu haki yake aliyoitolea jasho. Na uliza kama ametumia dawa za mafua, zile zenye sudoefedrini zinaweza kufanya kipimo cha amfetamini (kundi la meth) kisome kwamba katumia.

Mkojo ukitoka mchafu usihubiri wala usikunje sura. Leo hamna zawadi, kiwango kinarudi cha mwanzo, mpe tarehe ya kuja tena, basi. Ila mwachie njia ya kupanda, vipimo vitatu safi mfululizo mrudishie pale alipokuwa.

Siku za kwanza baada ya kuacha analala mno, anakula mno, hana raha na chochote, msiseme huyu mvivu hataki kupona. Hapo wengine wanawaza kujiua kwa hiyo muulize wazi kabisa, na akisema ndiyo usimwache aondoke peke yake.

Ushauri nasaha uende sambamba, kwa sababu zawadi zikiisha nguvu yake hupungua, tumieni miezi ya zawadi kumsaidia apate kazi, usingizi, watu wa kukaa nao wasiotumia. Na kabla hujaandikisha mteja wa kwanza hakikisha hela ya zawadi ya kipindi chote ipo mkononi, tena isiwe ya kubana sana maana zawadi ndogo mno hazisukumi mtu.