Una pasipoti ya Tanzania na uko Northampton? Kura ya madiwani inakuhusu

Mkuu, umeuliza kama barua uliyoletewa na halmashauri hapo Northampton, Uingereza, ya kukutaka ujiandikishe kupiga kura, ni mtego, maana uko kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee na bado unatumia pasipoti ya Tanzania. Si mtego. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anapiga kura ya madiwani, na ya wabunge pia. Kuipuuza barua ndiko kunakoweza kukuletea faini ya pauni 80. Halafu jina likiwa kwenye daftari, ukiomba mkopo au mkataba wa simu wanaona una anwani ya kueleweka.

Kichekesho ni kwamba jamaa ninayefanya naye zamu, mtu wa Bukavu, analipa kodi ya halmashauri kama mimi lakini hapigi kura mpaka apate uraia, kwa kuwa Kongo haimo kwenye Jumuiya ya Madola. Mnyarwanda anapiga, ingawa kwao hakukutawaliwa na Mwingereza, kisa Rwanda ilijiunga 2009. Ndiyo sheria yao.

Wengi wetu husema udiwani ni mambo ya wenyeji. Hapo siafiki, hasa kwa mji huu. Halmashauri ya kaunti ya Northamptonshire ilifungua makao makuu mapya, One Angel Square, mwaka 2017 kwa pauni milioni 53. Februari 2018 ikatangaza kusitisha matumizi mapya kwa kuishiwa, jengo ikaliuza na kubaki mpangaji humo humo! Ikataka kufunga maktaba 21, wananchi wakaenda mahakamani wakashinda. Mwaka 2021 ikavunjwa, ikaja West Northamptonshire tuliyonayo. Hiyo ndiyo inazoa taka, inaziba mashimo ya barabara na, sikiliza wewe wa huduma, inazilipa kampuni kwa wazee wengi mnaowaendea majumbani. Zile dakika unazopewa kumwogesha bibi, kumvalisha na kumpa dawa zinaanzia kwenye bajeti inayopitishwa na madiwani hao.

Usiniambie kura moja haina uzito. Kaunti ya Northumberland mwaka 2017, kata ya South Blyth, wagombea wawili walilingana kura, wakavutishwa vijiti. Chama cha Conservative kikashindwa, na kwa kiti hicho kimoja kikakosa wingi wa halmashauri nzima.

Kampeni zao utaona zimepooza: hakuna fulana, kanga wala gari la vipaza sauti. Vipeperushi vinasukumwa mlangoni, na jioni mgombea mwenyewe anaweza kubisha hodi. Mbane kuhusu mtaa wako, huwa wanaandika. Siku yenyewe ni Alhamisi ya mwanzo wa Mei, saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, hata wa zamu ndefu anawahi. Kituo changu ni ukumbi wa kanisa. Karani anaweka rula chini ya jina lako, anakata mstari, anakupa karatasi. Penseli imefungwa kwa uzi kibandani. Wino wa kidoleni hakuna. Soma juu ya karatasi uone unaruhusiwa X ngapi, maana kata nyingine zina madiwani wawili au watatu. Ukizidisha, kura imeharibika. Ukipewa karatasi mbili usishangae, Northampton ina na baraza lake la mji.

Tangu 2023 lazima uonyeshe kitambulisho cha picha. Pasipoti yako inatosha, hata ikiwa imekwisha muda, mradi sura ni ile ile. Ila viza ya kwenye simu hawaitaki. Mei 2025 dada mmoja aliyekuwa mbele yangu alitoa simu kwa kujiamini, ikabidi arudi kwao kufuata pasipoti.

Uchaguzi huo wa 2025, ambao chama cha Reform UK kiliichukua halmashauri kutoka kwa Conservative, ndio wa karibuni zaidi wa madiwani wote. Ni kila miaka minne. Usisubiri ujao. Diwani akijiuzulu au kufariki unaitishwa uchaguzi mdogo, na daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya kura. Fomu ya mtandaoni itataka namba ya National Insurance (bima ya taifa), iangalie kwenye slipu yako ya mshahara.