Maswali ya Wasomaji: Betri ya megawati 100 ina umeme kiasi gani?

SWALI: Nimesoma kwamba betri ya Hornsdale kule Australia ilianza ikiwa ya megawati 100. Gazeti jingine likaandika megawati-saa 129. Nani kakosea? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja ametaja nusu. Megawati (MW) ni kasi ya kutoa umeme. Megawati-saa (MWh) ni akiba iliyomo. Chukua tangi la maji: lita zilizomo ni jambo moja, unene wa bomba ni jingine. Akiba unaifahamu tayari, maana uniti moja unayonunua kwa tokeni ni kilowati-saa moja. MWh 129 ni uniti 129,000.

Gawa akiba kwa kasi, upate muda: 129 ÷ 100 = saa 1.29, kama dakika 77 betri ikitoa nguvu zake zote. Ikitoa MW 50, muda unakuwa mara mbili.

Ilipowashwa 2017, MW 70 zilitengewa serikali ya jimbo la South Australia kwa ajili ya kutuliza gridi, kwa dakika 10 tu. Hizo hula MWh 11.7. MW 30 zilizobaki zilipangiwa saa 3, yaani MWh 90, za kununua umeme bei ikiwa chini na kuuza ikipanda. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla na hezi za gridi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) zikaanza kushuka chini ya 50, kinachookoa ni kasi. Akiba kubwa haina kazi hapo. Mwaka 2020 betri hiyo iliongezwa hadi MW 150 na MWh 193.5. Gawanya uone: bado saa 1.29. Ilikua bila kudumu zaidi.

Awamu ya kwanza ya betri ya Moss Landing, California, ilikuwa MW 300 na MWh 1,200, yaani saa 4, na si kwa bahati. Kule, betri inapohesabiwa kama chanzo cha uhakika cha gridi, huhesabiwa kwa nguvu inayoweza kuishikilia saa 4 mfululizo. Kwa kipimo hicho, ile MW 100 ya Hornsdale ingepewa MW 32 tu. Ndiyo maana kichwa cha habari chenye megawati peke yake mimi sikiamini.

SWALI: Mradi ukihitaji MW 100 kwa saa 4, si tunaagiza betri za MWh 400? – Mwanafunzi wa uhandisi, Nairobi

JIBU: Mtapungukiwa siku ya kwanza. Uliza MWh hizo zinapimwa wapi: kwenye seli zilizomo ndani ya betri, au kwenye mita ya gridi? Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi), transfoma na nyaya hula sehemu. Tuseme asilimia 6. Seli nazo hazitumiwi kutoka 0 hadi 100. Tuseme mnatumia asilimia 90. Basi 400 ÷ 0.94 ÷ 0.90 ni karibu MWh 473. Hapo hamjagusa uchakavu wa miaka, wala umeme wa vipoza joto. Mkataba utaje mita, mwaka na kiwango cha joto.

SWALI: Betri yangu ya nyumbani ni volti 51.2 (V), amperi-saa 100 (Ah). Inveta ni kilowati 5. Nikiwasha birika na pasi pamoja inakata, na chaji imejaa! – Msomaji, Mombasa

JIBU: Akiba unayo (51.2 × 100 = wati-saa 5,120, yaani uniti 5.12), tatizo ni bomba, yaani kasi ya kutoa umeme. Soma kibandiko: baadhi ya betri za ukubwa huo huruhusu amperi 50 mfululizo, yaani wati 2,560. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,000, pamoja na hasara ya inveta, huvuta zaidi ya amperi 60, na bodi inayolinda seli inakata. Inveta kubwa zaidi haitasaidia. Ongeza betri ya pili ya aina ileile, sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), na zote zijazwe kabla ya kuunganishwa. Nyaya ziwe na urefu sawa. La sivyo betri yenye waya mfupi itabeba mzigo mkubwa zaidi, na ukizidi kikomo chake itakata kwanza, na ya pili itaangukiwa na mzigo wote na kukata vilevile.