Kwa nini anayesaidiwa hununa

Umeniambia unamuogesha mzee, ukauliza kwa nini mtu anayesaidiwa kwa moyo mweupe anaweza kununa badala ya kushukuru. Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Anayepokea kila siku bila nafasi ya kurudisha hujiona ameshushwa hadhi. Mauss alisema wazi kwamba sadaka humuumiza anayeipokea, nami naamini alikuwa sahihi kabisa.

Mwanafalsafa Annemarie Mol wa Uholanzi, aliyefuatilia matibabu ya kisukari hospitalini, anaongeza jambo ninalolipenda zaidi: huduma ni kazi ya kujaribu na kurekebisha kila mara, na mgonjwa naye anaifanya. Yeye ndiye anayejichoma kidole kupima sukari, anayejidunga sindano, anayejua mwili wake hulegea saa ngapi.

Kwa hiyo huyo mzee unayemuogesha, muulize maji yawe moto kiasi gani na uanzie wapi kumwosha. Taulo mwachie ashike mwenyewe, hata mkichelewa. Na akikupa kitu, hata kiwe kidogo vipi, kipokee.