Kinachokausha Kalamu Si Darasa, Ni Uhariri

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayesomea uandishi wa kubuni, huku akifundisha na kuhariri ili alipe ada na kodi ya chumba, kwa kawaida hulilaumu darasa pale mswada wake unapokwama. Hapa Iringa nimeyasikia malalamiko hayo mara nyingi kutoka kwa wenzangu wanaofundisha shule za sekondari. Kwa uzoefu wangu, darasa linasingiziwa. Kinachokausha kalamu ni uhariri.

Kufundisha huchosha miguu na koo, hasa ukiwa na vipindi vinne vya dakika 40 mfululizo, lakini ukitoka darasani sikio lako la lugha bado ni zima. Pengine limeongezewa kitu, kwa sababu watoto waliotoka Kilolo na Mufindi husimulia ugomvi wa shambani au safari ya basi kwa namna ambayo mtunzi aliyejifungia chumbani asingeibuni. Uhariri, kinyume chake, hutumia sikio lile lile ambalo utunzi unalihitaji. Mtu aliyeshinda akichunguza upatanisho wa kisarufi wa sentensi za mwingine, na kuhakikisha kwamba mhusika aliyeitwa kaka katika sura ya kwanza hageuki kuwa binamu katika sura ya tano, jioni huufungua mswada wake mwenyewe akiwa bado mkaguzi. Huandika sentensi, huifuta, huiandika tena, na hulala akiwa ameacha aya moja safi isiyokwenda popote.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kutohariri na kutunga katika siku moja, hata kama saa zinaonekana kutosha. Mimi huhariri mwishoni mwa juma na hutunga siku za shule, mara tu vipindi vinapokwisha, nikiwa bado ofisini au maktaba, kabla sijapanda bajaji kurudi nyumbani. Wapo wanaoshauri watu waamke saa kumi alfajiri. Nadhani hawajawahi kuijaribu saa hiyo Iringa au Makete mwezi Julai, wakati vidole vinagoma hata kushika kalamu.

Hata hivyo, upo uhariri unaojificha ndani ya ualimu, nao ni usahihishaji wa insha. Mwalimu anayependa lugha hushawishika kurekebisha kila mstari kwa wino mwekundu, na rundo la madaftari humpokonya juma zima bila mwanafunzi kunufaika, kwa kuwa mtoto aliyeona makosa thelathini hajui aanzie wapi. Waambie mapema mambo mawili utakayoyatazama, kwa mfano mpangilio wa aya na matumizi ya nyakati za vitenzi, kisha usahihishe hayo tu. Mzungumze na mwalimu wa taaluma kabla hujaanza utaratibu huo, kwa sababu mkaguzi akifungua daftari lisilo na wino mwingi anaweza kudhani hukulisoma. Insha za majaribio ya kidato cha nne ni suala jingine: hizo zisahihishwe kikamilifu, kwa kufuata mwongozo wa usahihishaji.

Katika kazi za malipo, mkubaliane kwa maandishi kabla hujagusa ukurasa. Kusoma prufu (yaani kusaka makosa ya uchapaji), kuhariri lugha na kuhariri maudhui ni kazi tatu zenye uzito tofauti, lakini mteja huziita zote kwa jina moja, tena hupendelea bei ya ile iliyo nyepesi. Ukitoza kwa ukurasa, taja ukubwa wa herufi na nafasi baina ya mistari, la sivyo utaletewa kurasa zilizobanwa. Kuhusu tasnifu za wanafunzi wenzako, pokea zile zilizokwisha kuandikwa na wenyewe. Anayekuja na vichwa vya sura tu na kusema, "Mwalimu, nisaidie kuzijaza kidogo," hatafuti mhariri, na ukikubali utakuwa umeshiriki udanganyifu wa kitaaluma ukiwa wewe mwenyewe unasubiri kutetea tasnifu yako.

Unapohariri hadithi, uliza maswali pembeni badala ya kuandika upya. Kila sentensi unayomtungia mteja imetoka katika akiba yako, na zaidi ya hapo unamharibia sauti yake. Nimepokea miswada ambamo bibi wa Kihehe anazungumza Kiswahili chenye mkondo wa kwao, na mhariri mwingine alikuwa amekwisha kumnyoosha hadi akasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Simulizi isanifishwe panapohitajika, lakini mazungumzo ya wahusika yaachiwe mwenyewe.

Wapo waliobeba utunzi, ualimu na uhariri kwa pamoja kwa miaka mingi. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyewahi kuiongoza Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mshairi, mtunzi wa tamthiliya na riwaya, mtafiti na mhariri. Mfano huo unatia moyo, lakini tusiunakili bila kufikiri: msomi wa chuo hufanya mengi ya hayo chini ya mwajiri mmoja, ilhali mwanafunzi wa uzamili ana mkuu wa shule, msimamizi wa tasnifu na wateja, ambao hawajuani na kila mmoja huamini kwamba kazi yake ndiyo ya kwanza.

Kwa sababu hiyo, kalenda zao ziwekwe pamoja mapema. Tangu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilipotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, wapo wateja wanaoleta riwaya nzima siku chache kabla ya dirisha la kupokea miswada kufungwa, hivyo swali langu la kwanza kwao huwa ni tarehe. Mwezi mgumu kuliko yote ni Novemba: kidato cha pili na cha nne wako katika mitihani ya taifa, na chuoni muhula mpya umeanza au unakaribia. Mwezi huo nakubali kusoma prufu tu, tena kwa mteja niliyekwisha kufanya naye kazi. Mwenye riwaya mpya namwomba asubiri hadi shule zifungwe Desemba.