Murti, sanamu au hirizi?

Swali: Ninaandika maelezo ya picha nilizopiga, kwa ruhusa, katika nyumba ya jirani zangu Wahindu hapa Mombasa. Kwenye chumba chao cha ibada mna umbo la marumaru la Ganesh, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, bamba la shaba lenye pembetatu zilizoingiliana, na shada la shanga. Mhariri anataka vyote niviite hirizi. Je, ni sahihi?

Jibu: Si sahihi, na kosa lenyewe si dogo. Hirizi, neno lililotokana na la Kiarabu lenye maana ya kuhifadhi, ni kinga: mara nyingi ni maandishi yaliyokunjwa na kushonewa ndani ya ngozi au kitambaa, ambayo mtu huyavaa shingoni au mkononi. Hirizi humlinda mwenyewe, lakini haiogeshwi wala haiandaliwi chakula. Umbo la Ganesh hufanyiwa yote hayo, kwani katika puja, yaani ibada ya Kihindu, ikiwa kamili, anayeabudiwa hupokewa kama mgeni mheshimiwa kwa huduma 16, zikiwemo kukaribishwa, kupewa kiti, maji ya kunawa miguu, mavazi, manukato, maua, ubani, taa na chakula.

Je, tuseme sanamu? Kisarufi hakuna kizuizi, na neno hilo peke yake halina ubaya. Sanamu ya Askari imesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 na hakuna anayedhani kwamba inaabudiwa. Likikaribiana na neno ibada, hata hivyo, sanamu hubeba lawama iliyotoka katika mahubiri ya misikitini na makanisani, na msomaji atakuwa amekwisha kuwahukumu jirani zako kabla hajafika mwisho wa sentensi. Mimi ningetumia murti, neno la wenyewe lenye maana ya umbo au mwili unaoonekana, ambalo ulimi wa Mswahili unalimudu kama unavyolimudu sharti. Liweke katika ngeli ya I-ZI: murti hii, murti hizi. Usidanganywe na mu- ya mwanzo ukaandika "mirti". Zingatia pia kwamba murti imewekwa, ilhali Ganesh amekaribishwa; kwa waumini tofauti hiyo ya upatanisho wa kisarufi ina uzito, kwa kuwa jiwe lililochongwa huhitaji kwanza ibada ya kuliwekea uhai.

Bamba lile, ikiwa lina pembetatu 9, nne zikielekea juu na tano chini, ni Sri Yantra. Liite yantra, mchoro mtakatifu wa kuabudia. Yantra ndogo iliyotiwa kwenye kidani na kuvaliwa kwa ajili ya kinga ndiyo pekee ningekubali ifananishwe na hirizi. Shanga nazo, ambazo kwa kawaida huwa 108, ni mala ya kuhesabia jina la mungu au mantra, yaani maneno matakatifu, inayorudiwa. Kwa kazi hiyo zinakaribiana na tasbihi, wala hazihusiani na kinga.

Chini ya picha ya kwanza, basi, andika: "Murti ya Ganesh katika chumba cha puja, baada ya kuogeshwa na kuvishwa maua."