Jibu: Mashine ya kukata majani inawaka kisha inazimika

Jambo yaya. Nimekuelewa hivi: mashine ilikaa kiangazi chote bila kazi, sasa mvua imerudi Lubumbashi, unavuta kamba inawaka, dakika haiishi imezimika. Buji, ile plagi inayotoa cheche, usinunue bado. Ingekufa, hata kuwaka ingegoma.

Anza na esanse, yaani petroli. Ile ya tangu Mei mwaga yote, weka mpya, legeza kidogo kifuniko cha tangi, uwashe. Ikiendelea kuunguruma, basi shida ni ile esanse ya zamani, au kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimeziba. Ikizimika tena, funga esanse, fungua kikombe kilicho chini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya esanse na hewa. Yangu nilikuta uchafu wa njano unaonata kama utomvu, umeziba kitundu chembamba cha katikati. Kipulizie hewa, usikichokoe kwa msumari, kitapanuka. Nasemea injini inayotiwa oli peke yake, si ya kuchanganya oli na esanse.

Ukiiinamisha kuangalia kisu, chomoa kwanza waya wa buji. Kabureta ibaki upande wa juu, la sivyo oli itamwagikia filta ya hewa, utarudi hapa kuuliza moshi mweupe.

Na hayo majani marefu usiyamalize siku moja. Pandisha kimo cha kisu, kata ncha tu, wiki ijayo ushushe.