Re: Mtoto wa kiume ana upungufu wa G6PD, sisi wazazi ni wazima

Dada uliyeuliza mwanao kaupata wapi upungufu huu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na kama aache maharage: niko maabara ya hospitali huku Pwani, swali lako nalisikia mara kwa mara.

Mumeo hahusiki. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume X yake huitoa kwa mama. Wewe una X mbili na kila seli huzima moja, hivyo damu yako imechanganyika, chembe zenye kimeng'enya cha kutosha na zenye kidogo. Wengi wa kina mama wa namna yako hawaumwi kabisa.

Kimeng'enya hiki huanzisha njia ya kuoksidisha glukosi inayozalisha kemikali iitwayo NADPH, na NADPH ndiyo huihuisha glutathioni, kinga ya seli, ili izime sumu za oksijeni. Seli nyingine zina njia mbadala za kuipata NADPH. Chembe nyekundu haina mitokondria, inategemea njia hii tu. Chembe ya mwenye upungufu ikikutana na primakwini (dawa ya malaria) au dapsoni (dawa ya ukoma), glutathioni huisha na hemoglobini huharibika ikagandamana. Nikitia rangi ya methili vayoleti naiona kwa darubini, vidoa vya zambarau vimenata ukingoni mwa chembe. Wengu huving'oa, chembe ikabaki imemegwa. Nyumbani ninyi mtaona macho ya manjano na mkojo kama chai ya rangi iliyokolea. Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyohiyo.

Kipimo ndicho kinachowachanganya watu, hata wahudumu. Katika aina ya upungufu iitwayo A-, iliyoenea Afrika, kimeng'enya huchakaa haraka kadiri chembe inavyozeeka, nayo haina kiini cha kutengeneza kingine. Shambulio la kuvunjika chembe huua zile kongwe, zikabaki changa ambazo bado zinacho. Ukipima wiki hiyo, jibu laweza kutoka "kawaida". Mimi huandika pembeni: rudia baada ya miezi 3.

Maharage yetu ya kila siku ale tu. Ya kuogopa ni yale mapana ya Kiarabu, fava, hasa kwa wenye aina ya Mediterania, iliyoenea sana Oman. Nafthalini, vile vidonge vya kufukuza nondo, itoe kabatini. Hina msimpake, najua bibi atanuna.

ALu, dawa mseto ya malaria, anaweza kutumia akiumwa. Kadi yake ya kliniki iandikwe G6PD juu kabisa, maana homa ikipanda usiku wa manane huwa hamumkuti daktari anayemjua.